Bruce Bochy: mdakaji wa akiba aliyesugua benchi misimu 9, akaja kutwaa World Series 4 akiwa kocha

#1 (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wanajukwaa.

Ule ubishi wa wiki hii kwamba mtu ambaye hakuwa nyota uwanjani hawezi kuwafundisha nyota umenifanya nilete uzi huu. Mfano wangu hautoki kwenye soka. Unatoka kwenye besiboli ya Marekani, na najua wengi humu hamuifuatilii, hivyo nitaeleza taratibu. Wanaoujua mchezo mnivumilie kwenye maelezo ya mwanzo.

Mtu mwenyewe anaitwa Bruce Bochy. Alizaliwa Aprili 1955 Landes de Bussac, kusini-magharibi mwa Ufaransa, kwa sababu baba yake alikuwa askari wa jeshi la Marekani na kituo chake cha kazi kilikuwa huko. Mwaka 1975 Houston Astros walimchagua, na mwaka 1978 akaingia ligi kuu akiwa na timu hiyo. Baadaye akapita New York Mets, kisha San Diego Padres kuanzia 1983 hadi 1987. Misimu 9 jumla.

Sasa angalieni hesabu. Msimu mmoja wa ligi kuu una michezo 162 kwa kila timu. Bochy katika misimu yake yote 9 alicheza michezo 358, yaani wastani wa kama 40 kwa msimu. Wastani wake wa kupiga ni .239, maana yake katika kila majaribio manne hakufikisha kwa wastani hata pigo moja salama, yaani la kumfikisha kwenye kituo (besi) bila kutolewa. Homurani (pigo linalovuka uzio wa uwanja) 26 maisha yake yote. Wapo wanaofikisha idadi hiyo kwa msimu mmoja. Astros alikaa nyuma ya Alan Ashby, Padres akamkuta Terry Kennedy, na mwaka wake wa mwisho akaibuka kijana Benito Santiago, aliyetwaa tuzo ya mchezaji chipukizi bora wa National League (nusu moja ya ligi kuu, nyingine ni American League) mwaka 1987. Kila alikokwenda, mwenye namba alikuwa mwingine.

Mtu huyo huyo leo ana ushindi 2,252 kama kocha mkuu na mataji manne ya World Series, fainali ya ubingwa wa ligi kuu: 2010, 2012 na 2014 akiwa San Francisco Giants, na 2023 akiwa Texas Rangers.

Hoja yangu ni kwamba hakufanikiwa *licha ya* benchi. Kazi ya mdakaji wa akiba ndiyo iliyomfundisha ukocha. Nitaifafanua kwenye posti inayofuata, msiikatize tafadhali.

#2 (mwanzisha uzi)

Tuanze na mdakaji mwenyewe. Huyu ndiye anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, amevaa barakoa ya chuma, kinga ya kifua na kinga za miguu, na glavu nene mkononi. Mrushaji anarusha mpira kwa kasi inayoweza kupita kilomita 150 kwa saa, na mpigaji akiukosa, yeye anaudaka. Hiyo ndiyo sehemu ya kazi inayoonekana kwenye runinga.

Isiyoonekana ni kwamba wenzake wote wanane uwanjani wanatazama upande wake, na yeye peke yake anawatazama wao. Uwanja mzima uko mbele ya macho yake. Ndiye aliyekuwa akimpa mrushaji ishara kwa vidole, kwamba sasa rusha wa moja kwa moja, sasa rusha unaopinda, sasa rusha nje ya mwili wake. Tangu 2022 wamekubaliwa kutumia kifaa cha kielektroniki cha kutumiana ishara, ila maamuzi bado yanapita kwake. Anatakiwa ajue kila mpigaji wa timu pinzani anapenda nini na anachukia nini. Na anatakiwa amjue mrushaji wake: leo mkono umechoka? Ameanza kuogopa? Ana hasira?

Sasa mdakaji wa akiba. Magoti ya mdakaji namba moja hayawezi kustahimili michezo 162, kwa hiyo wa akiba anapewa mchezo mmoja kwa juma, mara nyingi ule wa mchana unaofuata baada ya mchezo wa usiku. Siku nyingine zote hachezi, ila hakai bure hata kidogo. Anakwenda kule pembeni wanakopashia misuli warushaji wa akiba, anachuchumaa na kudaka mipira yao mmoja baada ya mwingine. Anajua kabla ya kocha kwamba leo mpira wa fulani unapinda vizuri na wa fulani umekufa. Akirudi benchi anakaa karibu na kocha, anatazama. Kwa muda wa saa tatu kila siku, miezi sita kwa mwaka.

Kwa wapenzi wa soka, mfikirieni golikipa wa akiba ambaye pia ndiye anayewapasha misuli washambuliaji wote na kujua siri ya kila mmoja.

Bochy aliifanya kazi hiyo miaka 9. Padres wa 1984 walifika World Series wakafungwa na Detroit Tigers michezo 4 kwa 1. Yeye katika fainali nzima alipewa nafasi moja tu ya kupiga, akapiga pigo salama, akarudi kukaa. Mwaka 1985 alimpiga Nolan Ryan, mmoja wa warushaji wa kutisha kuliko wote katika historia, homurani iliyomaliza mchezo. Hayo ndiyo matukio makubwa ya uchezaji wake. Hakuna mtoto aliyebandika picha yake ukutani.

#3

Mkuu asante kwa uzi. Swali: alitokaje benchi hadi ukocha mkuu? Huku kwetu mchezaji wa akiba akistaafu anapotea kabisa, hata kuhudhuria mazoezi ya timu yake ya zamani anaona aibu.

#4 (mwanzisha uzi)

Hapo ndipo mfumo wa Marekani unaposaidia, na nadhani ni jambo la kujifunza. Chini ya kila timu ya ligi kuu kuna ngazi kadhaa za timu za vijana, kila moja na kocha wake na michezo mingi kweli kweli. Kwa hiyo kocha mchanga ana mahali pa kukosea bila nchi nzima kumtazama.

Padres walimpa Bochy timu ya Spokane mwaka 1989, kule kaskazini-magharibi, ngazi ya chini ya wavulana waliotoka shule na vyuo. Akatwaa ubingwa wa ligi ile. Mwaka uliofuata akapelekwa Riverside, kisha High Desert mwaka 1991 akatwaa tena, kisha Wichita mwaka 1992 akatwaa tena. Mataji matatu kwa miaka minne, kwenye miji ambayo timu inasafiri kwa basi usiku kucha. Mwaka 1993 akapandishwa kuwa kocha wa besi ya tatu (kituo cha mwisho mkimbiaji anachopita kabla ya kufika nyumbani na kupata alama) wa Padres wakubwa, na msimu wa 1995 akakabidhiwa timu nzima. Alikuwa hajatimiza miaka 40 msimu ulipokuwa ukikaribia.

Mwaka wa pili tu, 1996, akachaguliwa kocha bora wa National League. Mwaka 1998 akawafikisha Padres World Series, ila wakakutana na New York Yankees waliokuwa wameshinda michezo 114 msimu ule, wakafagiwa 4 kwa 0. Hapo sina cha kumlaumu. Timu ile ingemfagia yeyote.

#5

Naheshimu utafiti, ila napinga hoja. Nafuatilia besiboli tangu nihamie Marekani. Bochy alipostaafu mara ya kwanza mwaka 2019 alikuwa na ushindi 2,003 na vichapo 2,029. Yaani ALIFUNGWA MARA NYINGI KULIKO ALIVYOSHINDA. Tuzo ya kocha bora ni moja tu, ya 1996. Pale Giants alikuwa na mdakaji Buster Posey na warushaji Tim Lincecum, Matt Cain na Madison Bumgarner. Ukinipa hao nami nitatwaa taji. Wewe unampamba mtu aliyekuwa na bahati ya kizazi kizuri.

#6 (mwanzisha uzi)

Hoja nzuri ndugu yangu na takwimu zako ni sahihi. Ila ngoja nikujibu kwa matukio, maana ukocha wa Bochy hauonekani kwenye michezo 162. Unaonekana Oktoba, kwenye mtoano, pale ambapo uamuzi mmoja wa kumtoa mrushaji dakika tano mapema au dakika tano baadaye unakupa taji au unakunyima.

2010. Giants walikuwa wanamlipa mrushaji Barry Zito kwa mkataba wa dola milioni 126 wa miaka saba. Mtoano ulipofika, Bochy akamwacha nje ya kikosi. Nje kabisa, hata nafasi ya akiba hakupewa. Badala yake akamwamini Bumgarner, kijana wa miaka 21. Giants wakatwaa taji lao la kwanza tangu 1954, na la kwanza tangu wahamie San Francisco mwaka 1958. Niambie makocha wangapi wana ujasiri wa kumweka nje mtu wa mshahara huo.

Na usisahau kwamba katikati ya msimu huo huo Giants walimuuza mdakaji wao mzoefu Bengie Molina kwenda Texas Rangers, ili glavu apewe Posey aliyekuwa bado mchezaji chipukizi. Kumkabidhi mgeni warushaji wakali kama wale ni hatari kubwa. Bochy aliijua kazi ile kwa undani, akajua kijana yuko tayari. Fainali wakakutana na Rangers, na Molina yuko upande wa pili anawajua warushaji wote wa Giants! Bado walishinda 4 kwa 1.

2012 ndiyo inayonigusa zaidi. Zito yule yule aliyeachwa. Giants wako nyuma 3 kwa 1 dhidi ya St. Louis Cardinals, wakifungwa mchezo mmoja tu wanarudi nyumbani. Bochy akampa mpira Zito, ugenini. Akarusha karibu iningi 8 (mchezo una 9, kila moja ni zamu ya timu zote mbili kupiga) bila kuruhusu hata alama moja. Giants wakashinda mitatu mfululizo, wakaingia World Series, na mchezo wa kwanza wa fainali akampa Zito tena, safari hii dhidi ya Justin Verlander wa Detroit. Akashinda. Mtu uliyemdhalilisha mbele ya nchi nzima miaka miwili nyuma anakupigania hivyo kwa sababu gani? Kwa sababu ulimwambia ukweli ukiwa umesimama mbele yake, na hukumfuta. Bochy mwenyewe aliishi miaka 9 akiambiwa "leo si wewe". Anajua neno hilo linavyouma na anajua namna ya kulisema.

Mwaka huo huo Lincecum, mwenye tuzo mbili za Cy Young (mrushaji bora wa mwaka) za 2008 na 2009, alikuwa na msimu mbaya. Bochy akamhamishia kwa warushaji wa akiba kwenye mtoano. Nyota wa kiwango hicho akakubali kuingia katikati ya mchezo kama msaidizi, na akarusha vizuri sana.

#7

Mwanzisha uzi ongezea na mrushaji Sergio Romo hapo 2012. Mchezo wa nne, iningi ya 10, Giants wako mbele 4 kwa 3, anayepiga ni Miguel Cabrera aliyekuwa ametoka kuongoza ligi kwa wastani, homurani na alama zilizoletwa na mapigo yake, vyote vitatu kwa pamoja. Romo alijulikana kwa mpira wake unaopinda, dunia nzima inausubiri huo. Posey na Romo wakakubaliana warushe wa moja kwa moja katikati, tena kilomita kama 143 tu kwa saa, ambayo kwa ligi kuu ni polepole. Cabrera akabaki ameutazama unapita. Taji.

Mpira ule ni wa mdakaji na mrushaji, siyo wa kocha, lakini mtu aliyemweka Romo pale ni Bochy, baada ya mrushaji wao wa kumalizia michezo, Brian Wilson, kuumia Aprili na kufanyiwa upasuaji wa kiwiko.

#8

Jamani mimi sielewi kitu kimoja. Huyo "mrushaji wa akiba" anaingia lini? Akitoka yule wa kwanza anaweza kurudi?

#9 (mwanzisha uzi)

Hawezi kurudi dada, na hapo ndipo ugumu wote ulipo. Ukimtoa, ametoka. Na mrushaji hawezi kuingia baridi. Lazima apashe misuli kule pembeni kwanza, hivyo kocha anatakiwa aone hatari kabla haijafika na kupiga simu. Ukimpasha misuli halafu usimwingize, umemchosha bure na kesho hatakufaa. Mdakaji wa akiba ndiye mtu aliyekuwa akidaka mipira hiyo ya kupasha. Anajua mwilini mwake maana ya mtu kuamshwa mara tatu usiku mmoja bila kuitwa.

Mfano mzuri kuliko yote ni 29 Oktoba 2014, mchezo wa 7 wa World Series, ugenini kwa Kansas City Royals. Naomba niueleze polepole.

Bumgarner alikuwa amerusha mchezo wa 5 mzima peke yake siku tatu nyuma, mirusho 117, bila kuruhusu alama. Kwa kawaida mrushaji wa kuanza anapumzika siku nne. Bochy akamwanzisha Tim Hudson, mkongwe wa miaka 39. Hudson hakumaliza hata iningi 2, ikawa 2 kwa 2. Makocha wengi wangesubiri kidogo kwa heshima ya mkongwe. Bochy akamtoa papo hapo, akamwingiza Jeremy Affeldt, ambaye kwa kawaida hurusha iningi moja tu. Akamwacha iningi mbili na ushei. Giants wakapata alama ya tatu. Iningi ya 5, mlango wa kule pembeni unafunguka, anatoka Bumgarner.

Alitarajiwa arushe iningi mbili, labda tatu. Alirusha 5. Mirusho 68, na kila iningi watu wanajiuliza Bochy atamtoa lini. Hakumtoa. Iningi ya 9, wawili wameshatolewa, bado mmoja tu mchezo uishe, Alex Gordon wa Royals anapiga pigo la kawaida, mpira unamponyoka Gregor Blanco wa Giants nyuma na kubingirika hadi ukutani, Gordon anafika besi ya tatu. Sawazisho liko mita 27 kutoka nyumbani. Anayekuja kupiga ni Salvador Perez, naye mdakaji. Bochy hakuinuka kwenda kumtoa. Perez akapiga juu, Pablo Sandoval akaudaka pembeni mwa mstari. 3 kwa 2.

Kocha wa upande wa pili usiku ule alikuwa Ned Yost. Mnajua alicheza nafasi gani? Mdakaji wa akiba, michezo 219 maisha yake yote, wastani .212. Mwaka uliofuata, 2015, Yost akatwaa taji na Royals wale wale.

#10

Hili la Yost limenifungua macho. Naongezea: Kevin Cash wa Tampa Bay Rays, mdakaji wa akiba, wastani .183. Alikuwa kocha bora wa American League 2020 na 2021 mfululizo. Stephen Vogt wa Cleveland alianza ligi kuu kwa kukosa mara 32 za kwanza, na pigo lake la kwanza salama likawa homurani. Kocha bora wa American League 2024 na 2025. David Ross aliyepiga homurani kwenye mchezo wa 7 wa 2016 akiwa na miaka 39, mchezo wake wa mwisho, naye miaka michache baadaye akawa kocha mkuu wa Chicago Cubs hao hao. Hii siyo bahati ya mtu mmoja.

#11

Mimi wa #5. Ya Zito na Affeldt nimekubali. Ila Ross umemtaja ukaishia njiani: Cubs walimwachisha kazi baada ya msimu wa 2023. Udakaji haukumwokoa. Na bado nasema bila Posey hakuna hata taji moja kati ya yale matatu.

#12 (mwanzisha uzi)

Kuhusu Ross ni kweli, na siku waliyomtoa walimchukua Craig Counsell, ambaye hakuwa mdakaji. Sisemi kila mdakaji wa akiba ni kocha. Nasema nafasi ile inafundisha kitu ambacho nafasi nyingine hazifundishi, na kuna wanaofaulu mtihani na wanaofeli.

Kuhusu Posey, ndiyo maana naipenda 2023. Bochy alikuwa amestaafu miaka mitatu. Texas Rangers walipoteza michezo 102 mwaka 2021 na 94 mwaka 2022. Aliyemwita ni Chris Young, wakati huo meneja mkuu wa Rangers, aliyekuwa mrushaji wa Bochy San Diego mwaka 2006. Fikirieni hilo: mrushaji wako anakukumbuka baada ya miaka 16 na kukukabidhi timu yake. Hakuna Posey, hakuna Bumgarner, hakuna kizazi kile. Bochy ana miaka 68. Msimu wa kwanza wanashinda 90, wanaingia mtoano kwa mlango wa nyuma, wanashinda michezo yote 11 waliyocheza ugenini, wanawatoa Houston Astros, timu iliyomchagua Bochy mwaka 1975, kwa michezo saba, kisha wanawafunga Arizona Diamondbacks 4 kwa 1. Taji la kwanza katika historia ya Rangers.

#13

Naishi karibu na Arlington, Texas, natokea Mombasa. Oktoba ile kazini kwetu hakuna aliyeongea jambo jingine. Mimi hata sikuwa shabiki, nilivutwa na wenzangu. Nilichokiona kwa yule mzee ni kwamba anatembea polepole mno akienda kwa mrushaji, unaweza kudhani anaumwa miguu, na akifika haongei sana. Wenzangu waliniambia magoti ni ya kudaka. Kichwa nacho kikubwa ajabu, kofia yake ni namba 8 1/8.

#14 (mwanzisha uzi)

Kweli mkuu, alipoanza kuchezea Mets mwaka 1982 hawakuwa na helmeti ya kumtosha.

#15

Swali la mwisho kutoka kwangu: sisi Afrika Mashariki hili linatuhusu vipi? Besiboli nani anacheza huku?

#16 (mwanzisha uzi)

Inachezwa, ndugu. Uganda ndiyo imetangulia: vijana wa Lugazi mwaka 2012 walikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza World Series ya watoto kule Williamsport, Pennsylvania. Dar es Salaam mchezo huu uliletwa na Wajapani pale sekondari ya Azania, na uwanja upo. Na kuna kijana wa Uganda, Dennis Kasumba, aliyejulikana duniani kwa video zake akifanya mazoezi na matairi ya gari na vifaa vya kuokoteza. Mwaka 2023 akaenda Marekani kuchezea Frederick Keys kwenye ligi ya vijana wanaosaka kuchaguliwa. Nafasi yake ni mdakaji.

Wengi wa vijana hawa hawatafika ligi kuu. Lakini anayejifunza kudaka leo Lugazi au Azania anajifunza kumsoma mrushaji, kumsoma mpigaji na kupanga wenzake wanane. Baada ya miaka kumi ndiye atakayefundisha wengine, na huku kwetu makocha wa besiboli ni wachache kuliko wachezaji. Wenye shule wakitafuta mwalimu wa mchezo huu waanze kumtafuta kwa wale waliochuchumaa.

#17

Na Bochy bado yupo Rangers?

#18 (mwanzisha uzi)

Hapana. 2024 walishinda 78 wakafungwa 84, 2025 ikawa 81 kwa 81, wakaachana naye mwisho wa msimu na timu ikapewa Skip Schumaker. Mzee akaondoka na ushindi 2,252, wa sita katika historia nzima ya ligi kuu, na jumla ya vichapo bado kidogo juu ya ushindi, kama ndugu yetu wa #5 alivyosema. Kesho nikipata muda nitaweka posti ya Yost na Royals wa 2015, maana naona imewavutia.